Ubani Si Fidia

Mtu anapofia kazini, wanaobisha hodi nyumbani kwake katika siku za matanga si jamaa na majirani peke yao. Miongoni mwa wanaokuja na nyuso za simanzi, wakakaa jamvini, wakatoa mkono wa tanzia na kuulizia hali ya watoto, aghalabu huwamo mtu mmoja mwenye mkoba, mpole wa maneno, aliyetumwa na kampuni ya bima ya mwajiri. Naye, akisha kumwombea marehemu rehema, huomba faragha na mkubwa wa nyumba, akafungua mkoba wake, akatoa karatasi. Nasaha hizi ni za saa hiyo na za miezi inayoifuata. Nimezielekeza kwa wasomaji wa Kenya, ambako sheria inawataka waajiri wakate bima kwa makampuni yaliyoruhusiwa, na makampuni hayo ni ya biashara. Lakini jirani zetu wa Tanzania nao nitawatolea neno kabla sijamaliza.

Jambo ambalo mfiwa hana budi kulitia moyoni kabla ya kuipokea karatasi ile ni kwamba ubani na fidia ni vitu viwili. Ubani ni ihsani: hutolewa na mwenye moyo wa kutoa, kwa kadiri ya uwezo wake, hauna kipimo wala muda, na asiyeutoa halaumiwi ila kwa upungufu wa adabu. Fidia ni deni, na deni lina mdai, mdaiwa, kiasi na siku ya kulipwa. Sheria ya mwaka 2007 juu ya manufaa ya wanaoumia kazini, ambayo watu wa bandarini na viwandani wamezoea kuiita WIBA, imemtwika mwajiri dhima ya kuwalipa wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa kwa ajali ya kazi, na kipimo kinachotumika ni mapato ya miezi 96, yaani ujira wa miaka 8, mbali na gharama za maziko kwa kiasi cha maana. Tuseme marehemu alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika kiwanda cha Changamwe, akipata shilingi 30,000 kwa mwezi: hesabu yake ni shilingi 2,880,000. Mjumbe mwenye mkoba akiweka mezani shilingi 200,000 na kusema kwamba kampuni imeguswa sana na msiba huu, hana uongo katika kuguswa kwake. Lakini fedha alizoziweka si hata sehemu moja ya kumi ya deni, na karatasi anayotaka itiwe sahihi yaweza kuwa ni hati ya kukiri kwamba deni lote limekwisha.

Wala kampuni ya bima siyo inayokadiria kiasi cha fidia hiyo. Hili wengi hawalijui, na ujinga huu umewagharimu watu fedha nyingi kuliko hila yoyote. Kazi ya kukadiria ni ya ofisi ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, idara ya serikali yenye maofisa katika kaunti: mwajiri anapaswa kuipasha habari ya kifo katika muda wa saa 24, ofisa hupokea vyeti na habari za mshahara, hupiga hesabu, kisha dai hupelekwa kwa mwajiri au kwa mwenye bima wake, na kuanzia siku dai lilipowasilishwa mlipaji ana siku 90 za kulimaliza. Kwa hiyo mjumbe wa bima ajapo na kiasi cha fedha mkononi kabla ya ofisi hiyo kusema neno, mfiwa ana haki ya kumwuliza, kwa staha na bila ukali, kiasi hicho kimekadiriwa na nani. Na jibu lolote lisilotaja ofisi ya Mkurugenzi ni dalili ya kutosha kwamba karatasi ile irejeshwe mkobani kwa siku hiyo. Asiyekuwa na hakika kama mwajiri ametoa taarifa aende mwenyewe kwenye ofisi ya kaunti akaulize, kwa kuwa waajiri wako wanaosahau, na wako wanaosahau kwa makusudi.

Sina nia ya kuwafanya watu wa bima kuwa majahili. Nao wana yao: huletewa wajane wasiopata kuolewa, watoto waliozaliwa karatasini tu, na ajali za shambani zilizohamishiwa kiwandani. Karani aliyewahi kudanganywa mara kadhaa hujifunza kushuku, na shaka hiyo humwangukia hata mkweli. Ila tukumbuke kwamba katika kungoja huku pande mbili haziumii sawasawa, maana kampuni ikichelewa kulipa fedha hubaki kwake, ilhali nyumba ya mfiwa ikichelewa kulipwa watoto hurudishwa kutoka shule. Na mambo yakiwa hivyo si lazima pawe na mtu mwovu ili dhuluma itendeke, yatosha kila mmoja wao afanye kazi yake polepole.

Baada ya mjumbe wa kwanza huja wa pili, na huyu ni mpelelezi. Naye ni mpole, tena ni msikilizaji mzuri, na maswali yake huyachanganya na masimulizi: je, marehemu alikuwa na maradhi ya moyo, au shinikizo la damu? Alikuwa akinywa? Siku ile aliondoka nyumbani akiwa na hasira? Alizoea kuvaa kofia ya kazi, au alikuwa akiidharau? Mama mzazi, kwa kutaka kumsifu mwanawe, atasema kwamba alikuwa shujaa asiyeogopa kupanda popote hata bila kamba. Na maneno hayo ya mapenzi yataandikwa, na baada ya miezi mitatu yatarudi katika barua yakiwa yamegeuka kuwa ushahidi wa uzembe. Nasaha yangu ni kwamba familia imteue msemaji mmoja, mtu mzima mwenye utulivu, awe mjomba, shemeji au dada mkubwa, na mjumbe yeyote ajapo aelekezwe kwake. Naye aseme kweli tupu, wala asiseme asiloliona kwa macho yake, kwani “sijui” ni jibu halali mbele ya mpelelezi kama lilivyo halali mbele ya hakimu. Ajapo mpelelezi na maandishi ya maelezo, yasomwe yote kwa sauti kabla ya sahihi, na nakala ibaki nyumbani.

Hapa pana jambo la sheria ambalo kila mfiwa angelijua lingempunguzia unyonge. Barua za bima hupenda kusema kwamba marehemu alikufa kwa taksiri yake, kwamba alikiuka amri ya msimamizi, na kwa hiyo hakuna malipo. Lakini sheria hii haikuwekwa juu ya msingi wa nani mkosa. Kosa la makusudi la mfanyakazi humnyima fidia katika ajali ndogo. Ajali ikileta kifo, au ulemavu mzito, zuio hilo haliingii. Hata kama alikuwa akitenda kinyume cha maagizo, au bila ya maagizo, maadamu tendo lenyewe lilikuwa kwa maslahi ya shughuli za mwajiri, kifo chake huhesabiwa kuwa kimetokana na kazi. Na aliyekufa akiwa ndani ya gari ambalo mwajiri ameliweka kuwachukua wafanyakazi kwenda kazini au kuwarudisha makwao, naye huhesabiwa kuwa alikuwa kazini. Ajali ikiwa imesababishwa na mtu wa nje, kama lori la kampuni nyingine katika barabara ya Mariakani, pana uwezekano wa dai lingine juu ya huyo wa nje, na katika hilo aulizwe wakili.

Sasa niingie katika jambo zito zaidi kwetu sisi watu wa pwani. Ada yetu, na kwa Waislamu ni zaidi ya ada, ni kuharakisha kumzika maiti. Aliyekufa asubuhi hutamani tumsitiri kabla ya magharibi. Lakini kifo cha kazini ni kifo cha ghafula, na polisi huhusika, na kampuni ya bima, miezi mingi baadaye, itauliza: sababu ya kifo ni ipi, na nani aliyeithibitisha? Jamaa walioomba maiti isiguswe na daktari, kwa nia njema kabisa ya kumhifadhia marehemu heshima yake, hujikuta hawana cha kujibu pale kampuni inapodai kwamba aliyeanguka kutoka jukwaani alikwisha kufa kwa moyo kabla hajaifikia ardhi. Siwaambii watu waiache sunna. Nawaambia kwamba uchunguzi wa maiti waweza kuombwa ufanyike mapema siku ile ile, kwamba familia yaweza kumpeleka daktari wake kushuhudia, na kwamba taarifa ya daktari iliyoandikwa ajali ikiwa bado mbichi haina badali. Pale ambapo uchunguzi haukufanyika, basi zikusanywe upesi karatasi za hospitali alikopelekwa, hati ya polisi, picha za mahali pa ajali, na majina ya wenzake walioona. Na wenzake hao waandike waliyoyaona wakiwa bado na uhuru wa kuandika, maana baada ya mwezi mmoja wengine watakuwa wamehamishwa, na wengine watakuwa wameonywa.

Jambo la eda nalo lataka tadbiri. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, au hadi atakapojifungua ikiwa ni mjamzito, na muda huo ndio dai linapotaka kufuatiliwa kwa bidii. Nimesikia kizuka akiambiwa angoje atoke eda ndipo ayashughulikie “mambo ya dunia”, na wasemao hivyo hudhani wanamlindia dini yake. Wanazuoni wengi wamemruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja yake ya lazima, na kwa asiyetaka kutoka pana njia ya uwakala: amwandikie barua ndugu yake au mtu amwaminiye, amkabidhi nakala za vyeti, naye aende ofisini kwa niaba yake. Muhimu ni kwamba barua hiyo iseme wazi kwamba wakala anaruhusiwa kupeleka karatasi na kupokea majibu, wala haruhusiwi kukubali kiasi chochote wala kutia sahihi ya kumaliza dai. Wajane wengi wameponzwa na shemeji kuliko walivyoponzwa na bima.

Nizungumze juu ya kuchelewesha, kwa sababu ndiyo silaha kubwa, na haina kelele. Kampuni haikatai, kampuni huomba karatasi. Huomba cheti cha kifo. Kikishafika huomba cheti cha ndoa. Kikishafika huomba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, halafu kitambulisho cha marehemu, halafu barua ya chifu, halafu hubainika kwamba jina katika kitambulisho lina herufi moja zaidi ya jina katika cheti cha ndoa, na hapo faili husimama. Dawa ya ugonjwa huu ni kwamba tangu mwanzo mfiwa aandike barua kuomba aambiwe kwa maandishi, kwa mara moja, karatasi zote zinazotakiwa. Kila karatasi apeleke nakala, asipeleke asili. Na kila apelekapo agongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe juu ya nakala itakayobaki kwake. Mjane ambaye nikahi yake haikuandikishwa amwendee Kadhi mapema na mashahidi wake, asingoje kuulizwa. Simu isihesabiwe kuwa kitu: mazungumzo ya simu yafuatwe na barua fupi isemayo kwamba leo, tarehe fulani, niliambiwa hivi na hivi. Karani akijua kwamba maneno yake yanaandikwa hubadilika kuwa mwepesi, na wepesi huo si wa tabia, ni wa hofu ya faili.

Na katika kungoja huku pana shimo moja lililowameza wengi. Dai la fidia ya kifo lapasa kuwasilishwa katika miezi 12 tangu siku ya kifo. Makaribisho ya chai katika ofisi za bima, ahadi za “wiki ijayo”, salamu za sikukuu kutoka kwa meneja wa mwajiri, vyote hivyo havisimamishi muda. Nyumba iliyokaa mwaka mzima ikiamini kwamba mambo yanakwenda, kwa kuwa kila ilipouliza ilijibiwa kwa upole, yaweza kugundua katika mwezi wa kumi na tatu kwamba hakuna dai lolote lililofikishwa mbele ya Mkurugenzi. Kwa hiyo usiulize “mambo yamefika wapi”. Uliza namba ya dai na tarehe lilipopokelewa katika ofisi ya serikali, na uombe nakala.

Hesabu ya mshahara ndipo fedha zinapopotea kimya kimya. Mwajiri huwapa bima orodha ya mishahara, na mara nyingi orodha hiyo ina mshahara wa msingi peke yake. Lakini mapato kwa mujibu wa sheria ni mapana zaidi: chakula na makao yaliyotolewa na mwajiri huthaminiwa yakaingizwa, na malipo ya saa za ziada zilizokuwa za kawaida, za kila mwezi, nayo huingia, yasiyoingia ni ya nadra, kama kazi ya ziada ya siku moja moja, na fedha za kufidia matumizi maalumu kama nauli ya safari. Mchomeleaji wetu wa shilingi 30,000 yawezekana mshahara wake wa msingi ulikuwa 18,000, na 12,000 zilikuwa za ziada alizozipata kila mwezi bila kukosa. Kwa hesabu ya msingi tu wategemezi watapewa shilingi 1,728,000; kwa hesabu ya haki ni zile 2,880,000; na tofauti ya 1,152,000 itakuwa imepotea bila mtu yeyote kupandisha sauti. Basi zitafutwe stakabadhi za mishahara ya miezi ya mwisho, taarifa za benki, au kumbukumbu za malipo ya simu, zipelekwe kwa ofisa kabla hajapiga hesabu.

Wafiwa wa vibarua wasikate tamaa. Kampuni itasema kwamba marehemu hakuwa na mkataba. Lakini sheria huutambua mkataba wa mdomo, hata ule usiotamkwa bali uliodhihirika kwa vitendo, kwa hiyo mtu aliyekuwa akiingia lango la kiwanda kila alfajiri na kulipwa kila Jumamosi ana ushahidi katika daftari la lango, katika simu yake, na katika vinywa vya wenzake. Na mwajiri ambaye hakukata bima hakujiepusha na deni. Amejiongezea kosa jingine, na deni litamwangukia yeye mwenyewe.

Ugomvi wa ndani ya nyumba ni zawadi kwa mlipaji. Wake wawili wakileta madai mawili yanayopingana, au ami akaandika barua kumkana mjane, kampuni haina haja ya kutafuta sababu ya kuzuia malipo, imeletewa. Chimbuko la ugomvi kwetu mara nyingi ni dhana kwamba fedha hizi ni tarika, zigawanywe kwa mafungu ya mirathi. Sheria imesema kinyume: fidia ya kifo si sehemu ya mali aliyoiacha marehemu, ni haki ya waliokuwa wakimtegemea, kwa hiyo wadai wa marehemu hawaifuati, na ndugu aliyekuwa na maisha yake na hakulishwa na marehemu hana fungu ndani yake kwa udugu peke yake. Mwenye shaka ya dini juu ya jambo hili na akae na Kadhi pamoja na wenzake wote wa nyumba ile, wakubaliane kabla ya kupeleka karatasi. Malipo ya mfuko wa NSSF na ya pensheni nayo ni milango mingine kabisa, na hayapunguzi fidia.

Tanzania Bara wameishika njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 2008 waliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na waajiri huchangia humo, hivyo mfiwa hupeleka dai lake kwa chombo cha umma ambacho hakitafuti faida; Zanzibar ina sheria yake. Mimi naona njia hiyo ina unyoofu zaidi kwa mnyonge, ijapokuwa mfuko wa umma nao una makarani, na ile tabia ya kuhifadhi nakala zenye muhuri yafaa huko kama ifaavyo Mombasa.

Nyumba ikiwa haikuridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, ina siku 60 za kumpelekea pingamizi kwa maandishi, na akishajibu ina siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Atakayeshauriwa kufungua kesi mahakamani moja kwa moja, bila ya kupita kwa Mkurugenzi, akumbuke kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya iliihalalisha njia hii ya Mkurugenzi katika hukumu yake ya tarehe 3 Desemba 2019, kwa hiyo kesi ya namna hiyo yaweza kutupwa muda ukiwa umekwisha kupita. Kampuni ikipokea dai na siku 90 zikapita kimya, malalamiko yapelekwe kwa Mkurugenzi na nakala yake kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Wakili akiajiriwa, ujira wake uandikwe kabla ya kazi kuanza, na iandikwe pia kwamba hundi itatoka kwa jina la mtegemezi, isipitie kwa jina la mtu mwingine.

Siku ya malipo ikifika, karatasi italetwa tena. Safari hii yafaa kutiwa sahihi, lakini isomwe: kiasi kilichoandikwa kilingane na hesabu ya ofisa, jina la kila mtegemezi liwemo, fungu la watoto litajwe peke yake pamoja na akaunti litakakowekwa, na pasiwepo mstari unaosamehe madai mengine yasiyohusika na hili. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wa upande wake, si wa upande wa kampuni. Kisha nakala ya karatasi hiyo iwekwe pamoja na cheti cha kifo, maana watoto wakikua watataka kuiona.